Maswali ya Ndege: Siku Gani, Maji Gani?

Nimempiga picha ndege pwani ya Chwaka, Unguja. Ni ndege gani?

Ninachokiona ni doa jeusi juu ya mchanga. Siku gani? Maji yametoka au yamejaa? Mdomo umenyooka au umepinda? Swali hili naletewa kila mara, na kila mara halina tarehe. Ndege asiye na tarehe ni porojo.

Siku ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, nilikwenda kuhesabu vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, saa nne asubuhi, nikapata kumi na wawili tu. Ndiyo wanakwisha?

Hawakwishi, bwana, wewe ndiye uliyekosea saa. Bamvua, saa nne maji yako mbali huko mwambani, na ndege wametapakaa katikati ya kina mama wa mwani. Utahesabu nini? Nenda alasiri, kama saa kumi, bahari ikishakula ufuo wote. Utawakuta wamerundikana kwenye kipande cha mchanga kando ya mikoko, kila mmoja kasimama mguu mmoja, vichwa vimeelekea upepo. Kaa chini, hesabu. Usiwarushe upate picha. Hao wana safari ya kurudi mpaka Urusi, na kila wakirushwa wanaunguza mafuta ya njiani. Na wenye mbwa wafunge mbwa wao, nishasema.

Mwezi ujao rudi pale pale, maji yale yale, ndipo hesabu zako zitalingana. Ndege wa maji huhesabiwa duniani kila Januari, kwetu upepo wa kaskazi umekolea. Ukingoja masika, wengi washaondoka.

Nimeona sululu, yule ndege wa pwani wa mdomo mrefu uliopinda, mwezi wa Julai. Kapotea?

Hajapotea. Wakubwa wamerudi kaskazini kuzaa, lakini wengi wa hawa wanaobaki ni vijana, hawajafika umri wa kuzaa, basi msimu wote wa kusi wanaumalizia hapa hapa.

Kunguru wametumalizia makinda mjini. Tuwatilie sumu?

Thubutu! Atakula paka, atakula na kuku wa jirani. Kunguru huyu ni wa Bara Hindi, kaletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale taka. Taka bado tunammwagia, tena kwa wingi. Funikeni majaa.

Kuna bundi analia mkarafuuni nyuma ya nyumba yetu, Konde, Pemba. Wazee wanasema uchuro.

Wazee nawaheshimu, lakini uchuro gani wa ndege mdogo anayekula wadudu? Sikiliza vizuri: akitoa sauti moja, "hu", akanyamaza, halafu "hu" nyingine, basi huyo yumkini ni bundi wa Pemba, asiyepatikana pahala pengine popote duniani. Watu wanapanda ndege na boti kuja kumsikia msitu wa Ngezi, wewe kakufuata nyumbani! Andika saa aliyoanza, mti aliokaa, na mbalamwezi ilikuwapo au la. Mtoto mwenye manati mnyang'anye.

Ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani, wa kufuga nitampata wapi?

Humpati, huyo ni ndege wa porini. Na huyo aliyekuahidi, muulize ulimbo wa kumnasia kaugema mti gani.