Jibu: Baklava ya Istanbul itafika Mtwara bila kuharibika?

Mkuu, umeuliza kama baklava (kitamutamu cha Kituruki cha tabaka nyembamba za unga, njugu na shira) itahimili safari ya Istanbul, Dar mpaka Mtwara bila friji. Itahimili, ila usinunue ile inayoogelea kwenye shira. Omba "kuru baklava", yaani kavu. Shira yake ni kidogo, haivuji. Zenye maziwa au kaymak (malai mazito) kula hukohuko, kwa joto letu zitachacha njiani.

Maduka huuza kwa kilo, kwa hiyo nusu kilo inakubalika kabisa. Kabla ya kulipa, omba kipande uonje. Ukikichoma kwa uma, tabaka za juu zilie kama majani makavu. Kikiwa kimya na laini, ni cha jana au juzi, achana nacho. Ya pistachio (njugu za kijani) ndiyo ghali (korosho zetu huko hazina nafasi!).

Boksi lizungushie nailoni, uliweke kwenye begi la mkononi. Kwenye buti la basi la Mtwara litakandamizwa na mizigo. Ukifika, usiweke kwenye friji: samli huganda na tabaka hulegea. Ifunike vizuri, unyevu wa bahari huilainisha upesi.