Maswali ya Wasomaji: Siku ya Tiara Bustanini

SWALI: Mhariri, sisi wazazi wa mtaa mmoja hapa Tanga tunataka kuwaandalia watoto siku ya kurusha tiara katika Bustani ya Jamhuri. Tuchague msimu gani, na kwa nini baadhi ya tiara huzunguka kisha zikaanguka?

JIBU: Ndugu mzazi, nimelifurahia sana wazo lenu. Chagueni msimu wa kusi, kati ya Juni na Septemba, ambapo mvua kubwa za masika huwa zimekwisha; kaskazi nayo yafaa. Tiara inayozunguka aghalabu ina mkia mfupi mno, au chelewa zake (njiti za makuti zinazoshikilia umbo lake) za upande mmoja ni nzito kuliko za upande wa pili, hivyo upepo huisukuma bila mizani. Sawazisheni kwanza chelewa, kisha ongezeni mkia wa kitambaa kidogo kidogo hadi itulie.

Ninalowasihi zaidi ni hili: msirushe karibu na nyaya za umeme wala msitumie waya badala ya uzi, kwani hata uzi wa pamba ukilowa huweza kupitisha umeme. Tiara ikinasa juu ya nyaya, iacheni hukohuko, hata mtoto akilia.