Mtoto Anayetokwa Jasho Akinyonya Hajabemendwa

Juzi msomaji mmoja wa Kanda ya Ziwa kanitumia ujumbe: "Dada, mwanangu wa miezi mitatu akinyonya anatokwa jasho mpaka nywele zinalowa, na uzito hauongezeki. Mama mkwe anasema tumembemenda, eti mtoto kadhoofika kwa sababu mzazi kafanya ngono wakati wa kunyonyesha. Nimwogeshe dawa gani?"

Mdogo wangu, dawa ya kuogea weka pembeni. Mpeleke mtoto akapimwe moyo, wiki hii hii.

Yalinikuta, ndiyo maana nasema kwa ukali. Mwanangu wa pili alizaliwa na kilo zake za kutosha, akalia vizuri, tukaruhusiwa. Mwezi wa pili mambo yakaanza. Anavuta ziwa mara mbili tatu, analiachia, anahema kama katoka kukimbizwa, kisha anasinzia na njaa yake. Jasho linamtiririka kipajini hata asubuhi ya mvua. Nilikuwa nakunja kanga mkononi nikimnyonyesha, akimaliza, imelowa. Halafu nimonia: tunapewa dawa, anapata nafuu, inarudi.

Kliniki, nesi anatazama kadi, mstari wa uzito umelala, ananiuliza kama namnyonyesha kweli. Nyumbani ndiyo usiseme. Wifi yangu alitamka mbele za wageni kwamba mtoto kabemendwa, na kila aliyekuwepo alijua anayetuhumiwa ni mimi, si kaka yake. Leo tunakula sahani moja, lakini radhi sijaombwa.

Aliyetuokoa ni daktari kijana aliyemsikiliza kifuani muda mrefu kuliko wote, akasema moyo una sauti isiyo ya kawaida. Rufaa ikatufikisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, akapigwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo: tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Sehemu ya damu ya kwenda mwilini ilikuwa inapenya na kurudi mapafuni. Ndiyo kule kuhema, ndiyo zile nimonia. Mtoto anamaliza nguvu kwa kupumua, atanenepa saa ngapi? Na siku za mwanzo presha ya mapafu huwa bado iko juu, damu haipiti tunduni kwa wingi, kwa hiyo hata daktari mzuri anaweza asisikie kitu.

Foleni na kuhangaikia nauli za Dar sisimulii, mnazijua. Alipasuliwa, tundu likazibwa. Sasa yuko darasa la tatu, anavaa jezi namba tisa ya timu ya mtaa, na anayemshangilia kwa sauti kuliko wote ni huyo huyo wifi.

Haya, wazazi wenzangu. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo, kwa hiyo mtaani kwenu wapo. Mhesabie pumzi akiwa amelala, dakika nzima kwa saa ya simu. Zikifika 60 akiwa hajatimiza miezi miwili, au 50 akiwa na miezi miwili hadi mwaka, nenda hospitali. Weusi wa ngozi zetu unaficha, hivyo tazama ulimi na fizi; ukiona bluu, usingoje kuche. Na yule mkubwa kidogo anayecheza halafu anachuchumaa ghafla apumue, msimwite mvivu.

Ukifika sema wazi: "Naomba mwanangu asikilizwe moyo." Ukijibiwa kwamba atakua tu, rudia. Huna hela, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali. Ni kweli matundu madogo mengi huziba yenyewe, lakini wa kusema hili ni dogo ni eko, si bibi. Tundu kubwa likiachwa miaka, mishipa ya mapafu huharibika mpaka upasuaji hauwezekani tena.

Chanjo ya surua na rubela nayo msiiruke. Rubela ikimpata mama mwenye mimba changa, inaweza kuharibu moyo wa mtoto aliye tumboni, na mabinti tunaowachanja leo ndio mama wa kesho.

Na nyie akina baba, acheni kukaa barazani mkisubiri mama zenu waamue mtoto karogwa au kabemendwa. Mkeo akikwambia mtoto anahema vibaya, toa nauli, na wewe panda gari uende naye.