Maswali Yenu: Kuikimbia Baridi kwa Meli

Tunapanda Southampton, Uingereza, Januari, siku 35 hadi Karibiani na kurudi. Jua tutaanza kuliota siku ya pili?

Siku ya pili mtakuwa Ghuba ya Biscay, na Januari chombo huko huenda mrama kwelikweli. Mabwawa ya kuogelea hufunikwa wavu, glasi hutembea zenyewe mezani. Picha za matangazo hazipigwi pale. Vuguvugu mtalionja Madeira, kisiwa cha Ureno, na sweta msiiache. Kisha ni takriban wiki nzima ya maji matupu hadi Barbados. Kwangu hizo ndizo siku nilizolipia; anayehesabu bandari tu ataiona safari ndefu kama kifungo. Njiani saa zitarudishwa nyuma mara nne, kila mara mnapata saa moja ya usingizi. Mkirudi mtazilipa zote, mkielekea kwenye baridi ileile.

Chumba gani hakitikisiki?

Swali hili tena? Katikati ya meli, sitaha za chini. Roshani ya juu kule omo, mbele ya meli, ni ya kupigia picha.

Kuna dawa ya kupaka mikononi kila mlango wa mkahawa. Kunawa kuna haja gani?

Haja kubwa. Norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika, haiogopi spiriti ya dawa hiyo kama mnavyodhani. Sabuni na maji ndivyo vinavyoiondoa. Nimemwona bwana mmoja aliyevaa tai ya hariri akitoka msalani na kupita bomba kama halioni, moja kwa moja hadi kwenye kijiko cha saladi tunachoshika wote. Ukiharisha, toa taarifa ujifungie chumbani. Kujificha ili usikose ziara ya kisiwani ni uovu, sina neno la upole.

Tukichelewa bandarini watatusubiri?

Hapana. Labda muwe kwenye ziara ya meli yenyewe. Na fuateni saa ya meli, si ya simu.

Bima ya kawaida ya safari inatosha?

Isome kwanza: je, inataja safari za meli? Wengi huisoma wakiwa wamelazwa. Zahanati ya melini hutoza kama hospitali binafsi, na katikati ya Atlantiki helikopta haikufikii. Tajeni maradhi yote, hata presha "ndogo". Dawa za siku zote, na za ziada, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Masanduku huletwa chumbani baada ya saa kadhaa.

Simu nayo izimeni mtandao kabla ya kung'oa nanga. Hamkuuliza, lakini bili ya mtandao wa setilaiti wa melini mtaniletea mimi.