Njaa hii ni ya kweli, au ni uchu?

Nikipita mahali chipsi zinapokaangwa hapa Nakuru saa kumi jioni, tumbo hunguruma ilhali nilikula mchana. Je, hiyo ni njaa?

Mngurumo pekee si ushahidi, kwa kuwa tumbo hunguruma pia linapojisafisha baada ya mlo kusagika. Njaa huja polepole na huridhika hata na ugali na sukuma wiki vilivyobaki jana, lakini uchu huzuka ghafla na kudai kitu kimoja tu. Jiulize kama ungekula githeri iwapo ungeletewa wakati huo. Tena, homoni ya njaa iitwayo ghrelini, iliyotambuliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999, hupanda kuelekea saa ulizozoea kula, hivyo chipsi za kila jioni huufundisha mwili kuzisubiri.

Nina mimba ya miezi mitano, naishi Kisumu. Natamani odowa kuliko chakula, na mama mkwe asema ni kawaida.

Dada, ni kweli kwamba wajawazito wengi wa kando ya ziwa hula mawe hayo laini ya udongo, na hupaswi kuona haya. Hata hivyo, kwa heshima zote kwa mama, sikubali kwamba jambo hili liachwe hivyo. Uchu wa udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huweza kuuzuia mwili kufyonza hata chuma kidogo kilichomo katika chakula, mbali na kubeba mayai ya minyoo. Mweleze muuguzi wa kliniki waziwazi ili upimwe damu, na vidonge vya chuma utakavyopewa usivimeze kwa chai, kwani chai hupunguza ufyonzaji wake. Omena na maharagwe vitakusaidia, hasa ukila na chungwa.

Mimi ni mwalimu Kakamega. Nanywa chai na mandazi saa moja asubuhi, na kufikia saa nne nimeishiwa nguvu. Ni ulafi?

La, mwalimu, hiyo ni njaa. Unga mweupe na sukari husagika upesi. Badala ya mandazi, jaribu viazi vitamu na yai au njugu.

Nina kisukari na hujidunga insulini. Wakati mwingine njaa hunishika ghafla, natetemeka na kutoka jasho.

Hapo usikae kupambanua njaa na uchu. Pima sukari mara moja. Ikiwa chini ya 4 kwa kipimo cha milimoli, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Ikishapanda, kula chakula, na umjulishe daktari wako kwamba hali hii hukurudia.