Kabla hujawasha pikipiki ya ugani

Mdogo wangu, afisa ugani uliyepangiwa vijijini kuwashauri wakulima na kukabidhiwa pikipiki, anza na helmeti. Ivae hapohapo dukani, funga mkanda wa kidevuni, kisha mwambie mwenzako aisukume kutoka kisogoni. Ikikuvuka paji la uso, iache hata kama ni nzuri namna gani. Mashavu yabanwe kidogo, maana sponji italegea. Alama ya ECE (kipimo cha usalama cha Ulaya) kwenye mkanda wake ni dalili njema.

Helmeti ya mtumba usiiguse. Ndani kuna kitu cheupe chepesi, kama kile kinachofungiwa televisheni mpya. Hicho ndicho kinachomeza kishindo, na kikishabonyea hakirudi. Nje unaweza kuona helmeti nzima kumbe imekwisha kazi. Koti na jinzi nzito, hayo nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja, Mwanza, ukachague.

Sasa miguu, ambayo wengi wenu mnaidharau. Mimi nilianguka wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, wakati wa masika, nikienda mwendo wa mtu anayetembea. Udongo mweusi wa mbuga uliganda kwenye tairi la mbele, likateleza kama limepakwa sabuni. Nilikuwa nimevaa raba. Pikipiki ya zaidi ya kilo 100 ikanilalia kifundo, ekzosi ikanichoma shavu la mguu. Wiki tatu nilitembea na fimbo, na wakulima wangu wakapanda bila mimi. Kwa hiyo nunua buti la ngozi nene linalopanda juu ya kifundo, lenye soli ya meno. Kamba zichomeke ndani zisinase kwenye pedeli ya gia. Gambuti ni za matope, lakini hazizuii kifundo kupinda.

Glavu vaa, kwani anayeanguka hutanguliza viganja. Ila zisiwe nene kiasi cha kutoisikia klachi.

Ukipita kando ya ziwa jioni, wale wadudu wanaopanda kama moshi juu ya maji watakujaa machoni. Shusha kioo cha helmeti, na kiwe cheupe, si cheusi. Kioshe kwa maji na sabuni. Petroli inaharibu plastiki.

Pedi za magoti za kufunga kwa mikanda hushuka kila ukisimama juu ya pikipiki kuvuka mawe. Mpelekee fundi cherehani suruali yako akushonee mifuko kwa ndani, na mpimie ukiwa umekunja goti.