Kibodi: umeitengeneza, umeiunganisha ama umeiunda?

Swali: Mwalimu, habari. Niko Umoja, Nairobi. Nilinunua bodi, swichi na vitufe vya ile kibodi ndogo ya 60% (ile haina vitufe vya namba vya kando) nikaishikanisha mwenyewe kwa nyumba. Nikiambia watu "nimetengeneza kibodi" wananiuliza kwani ilikuwa imeharibika wapi. Niseme nimeunganisha? Na ni kibodi yangu ama changu?

Jibu: Hao watu hawana makosa. Hapa Nairobi kutengeneza kumeshikana sana na kurekebisha, ambia mtu pale Luthuli Avenue unatengeneza simu na atajua tu skrini imepasuka ama haichaji.

Kuunganisha kuko karibu, hata tunasema kiwanda cha kuunganisha magari, lakini kwa kibodi kuna shida manake kuunganisha pia ndio kuchomeka waya wa USB ama kuwasha bluetuthi ili kibodi isomwe na kompyuta, sasa msikilizaji atadhani hiyo tu ndio kazi umefanya.

Mimi nakwambia sema nimeunda kibodi. Najua kuna wanaodai kuunda ni kubuni kitu kipya kabisa, ati kama swichi zilitoka kiwandani basi hicho kitenzi si chako, na hapo nakataa kabisa. Mafundi wa pwani wanaunda jahazi, na kuunda kwenyewe ni kushikanisha mbao moja baada ya nyingine kwa misumari mpaka chombo kisimame. Tunaunda kamati pia, na wanakamati si walikuwepo tayari? Kwa hivyo wewe uliyechomeka swichi 61 moja moja kwenye bodi, ukafunga vile vyuma vya kuzuia spesi na enta visiyumbe, halafu ukavalisha vitufe juu, umeunda. Na kama bodi yako haina soketi za kuchomeka swichi, ikabidi utumie waya wa risasi na chuma cha moto, hiyo hatua inaitwa kulehemu, neno zuri sana ambalo tunaliacha bure.

Kuhusu yangu na changu, wengi wanaweka kibodi kwenye ngeli ya I-ZI: kibodi yangu imekamilika, kibodi zangu zimekamilika, na mimi nafuata hapo. Mwenye kusema changu pia ana hoja, manake kitabu kilitoka Kiarabu na tukakipa wingi wa vitabu kama neno la KI-VI, lakini basi akubali vibodi vyake vyote. Ile ya kuchanganya, "kibodi changu imekamilika", hiyo usiandike.